UZI: Natafsiri wasifu wa José Rizal wa Ufilipino kwa Kiswahili. Maneno haya yamenikwamisha, naomba tujadili

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo nimeamua kuvunja ukimya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja huko Ghuba. Kwenye chumba cha kufulia tulikuwa Waganda, Wanepali, Wafilipino na sisi Watanzania wawili. Jirani yangu wa ubao wa pasi alikuwa Mfilipino wa mkoa wa Laguna. Siku moja mwishoni mwa Desemba, mashuka yamepungua na msimamizi hayupo, alitoa pochi, akachomoa sarafu ya peso moja na kuiweka juu ya ubao. Ina kichwa cha mwanamume aliyechana nywele kwa upande. Akaniambia, "Leo ndiyo siku waliyomuua huyu." Halafu akaanza kunisomea shairi kwa Kihispania, lugha ambayo yeye mwenyewe haongei. Alikuwa amelikariri shuleni. Alipomaliza akaniuliza, "Kwenu mnamjua?" Nikamwambia simjui.

Swali hilo sikulisahau. Niliporudi nyumbani nikautafuta wasifu wake, na sasa ni mwaka wa pili nautafsiri usiku baada ya kazi. Nimefika mahali ambapo peke yangu sisongi, ndiyo maana nimewafuata.

Kwa wasiomjua: José Rizal alizaliwa Calamba, kusini mwa Manila, tarehe 19 Juni 1861, visiwa vyao vikiwa chini ya Uhispania. Alikuwa daktari wa macho, mshairi na mwandishi wa riwaya. Riwaya zake mbili, Noli me tángere iliyochapwa Berlin mwaka 1887 na El filibusterismo iliyochapwa Ghent mwaka 1891, zilieleza waziwazi jinsi watawa wa Kihispania na serikali walivyowakalia watu wake kichwani. Mwaka 1892 wakampeleka uhamishoni Dapitan, kisiwani Mindanao, akakaa miaka minne akitibu watu, akifundisha watoto na kuwajengea wenyeji mfereji wa maji. Mwaka 1896 aliruhusiwa kwenda Cuba kuhudumu kama daktari wa jeshi. Akiwa njiani mapinduzi yakazuka kwao, wakamkamata na kumrudisha Manila. Alfajiri ya tarehe 30 Desemba 1896 wakampiga risasi kwenye uwanja wa Bagumbayan. Alikuwa na miaka 35.

Kitabu ninachotafsiri ni cha Austin Craig, profesa Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ufilipino. Kilitoka Manila mwaka 1913. Sio wasifu wa kwanza. Kabla yake kuna kile kikubwa cha Mhispania Wenceslao Retana, kilichotoka Madrid mwaka 1907, na kuna cha Pascual Poblete kwa Kitagalogi, cha mwaka 1909. Nimechagua Craig kwa sababu Kiingereza ndicho ninachokimudu, na kwa sababu alifanya kazi ya miguu: alifuatilia ukoo wa Rizal hadi kwa babu Mchina, Lam-co, aliyetoka Fujian.

Sasa tatizo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Sura ya kwanza ya kitabu hiki haianzi na Calamba wala na mama yake. Inaitwa, kwa tafsiri yangu, "Mtangulizi wa Amerika". Yaani Rizal kabla hajazaliwa kwenye kitabu, ameshapewa kazi ya kuitengenezea Marekani njia. Nimeitafsiri sura hiyo mara tatu, na kila mara kalamu inataka kulainisha. Je, nilainishe? Au niache ilivyo?

---

Baharia wa Nchi Kavu

Mkuu, karibu jukwaani, uzi mzito huu. Naweka kiti.

Mimi ningeiruka hiyo sura. Msomaji wa Kiswahili anamtaka Rizal, hana haja na siasa za Mmarekani wa 1913. Anza na kuzaliwa kwake, maisha yaendelee.

---

Katekista Mstaafu

Sikubaliani na aliyenitangulia. Ukishaanza kuruka, utajuaje pa kusimama? Kesho utaruka ukoo wa Kichina kwa sababu ni mrefu, keshokutwa utaruka sala zake za mwisho kwa sababu zina ubishi. Mtafsiri ni mjumbe. Mjumbe hachagui maneno ya kufikisha.

---

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu Katekista. Baharia, nashukuru kwa kunikaribisha, lakini kwa hili niko na mzee.

Niseme nilivyolielewa baada ya kukesha nalo. Ndani ya wasifu kuna watu wawili: anayesimuliwa na anayesimulia. Nikimficha Craig, msomaji atadhani anamtazama Rizal moja kwa moja, kumbe anamtazama kupitia dirisha la ofisi ya Mmarekani. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Uhispania mwaka 1898, ikapigana vita vikali na Wafilipino wenyewe waliokwisha kujitangazia jamhuri. Mwaka 1901 utawala huo huo ukaunda mkoa unaoitwa Rizal na kupitisha sheria ya kumjengea mnara. Mnara ulizinduliwa Manila tarehe 30 Desemba 1913, mwaka ule ule kitabu kilipotoka. Sisemi Craig alidanganya. Alimpenda Rizal kwa dhati, inaonekana kila ukurasa. Ila alikuwa anaandika kwa wasomaji waliohitaji kuamini kwamba shujaa huyu angeikubali bendera yao.

Rizal mwenyewe aliijua Marekani kwa macho. Mwaka 1888 alifika San Francisco kwa meli akitokea Japani. Abiria walizuiwa melini kwa karantini, huku shehena ya hariri ikishushwa bila hata kupuliziwa dawa. Alielewa mara moja kwamba kilichokuwa kinazuiwa ni Wachina waliokuwemo melini, enzi wanasiasa wa huko wakitafuta kura kwa kuwakataa Wachina. Akavuka nchi nzima kwa treni hadi New York. Alisifu aliyoyaona ya kusifika, na akaandika pia kwamba hapakuwa na usawa kwa watu wa rangi nyingine.

Kwa hiyo nimeamua: sura ya kwanza inabaki, kwa jina lake, bila kulainishwa, na utangulizi wangu utamwambia msomaji Craig alikuwa nani na alikaa upande gani wa meza. Hilo nimelifunga. Yanayofuata bado.

Neno la kwanza: "Indio". Wahispania waliwaita wenyeji wote wa visiwa "Indio". Na kuna mtego hapa. Zamani hizo neno "Filipino" liliwahusu Wahispania waliozaliwa visiwani, halikuwahusu wenyeji. Ni kizazi cha Rizal kilicholichukua kikalifanya la wote. Nikiandika "Mfilipino" kila mahali, nitakuwa nimewapa watu wa 1860 jina ambalo hawakuwa nalo, na kazi nzima ya Rizal itakuwa imefutika kwa neno moja. Nikiandika "Mhindi", nimepotosha kabisa. Mnasemaje?

---

Mkwezi wa Pemba

Assalaam alaykum. Mimi nashauri "mshenzi".

Msinishambulie kwanza. Wazee wetu wa pwani walilitumia neno hili kwa mtu wa bara asiyekuwa "mstaarabu", na wakoloni wakalidaka. Lina dharau, lina utabaka, na kila Mswahili akilisikia linamchoma. "Indio" si lilikuwa linachoma vilevile?

---

Binti Kagera

Lakini mkuu Mkwezi, "Indio" lilikuwa pia neno la serikali, la kwenye makaratasi ya kodi. "Mshenzi" ni tusi tupu. Karani wa kodi haandiki "mshenzi" kwenye daftari.

---

Mleta uzi

Nimewasoma wote wawili. Dada Binti Kagera amegusa penyewe: lilikuwa neno la daftarini kwanza, tusi likaja kwa mazoea. Na kuna jambo jingine linalonizuia kulitafsiri. Mwaka 1889 akiwa Paris, Rizal na wenzake walijiita kwa fahari "Indios Bravos", baada ya kuwaona Wahindi Wekundu wa Amerika kwenye maonyesho wakishangiliwa. Walilichukua jina la kudharauliwa wakalivaa kama nishani. Nikiwa nimeweka "mshenzi" ukurasa wa 20, nikifika hapo itabidi niandike "Washenzi Hodari", na msomaji atacheka mahali ambapo wao walikuwa wananyoosha mgongo.

Nitaliacha "Indio" lilivyo, na mara ya kwanza nitaeleza uzito wake kwa sentensi mbili, nikiutaja mfano wa "mshenzi" wa pwani ili msomaji auhisi. Mkwezi, mchango wako utaingia humo, asante sana.

La pili: watawa. Mzee Katekista, hili naomba ulisimamie wewe. Kiingereza kinatofautisha mapadri wa kawaida na wale wa mashirika. Ugomvi wote wa Ufilipino ulikuwa hapo. Nikiandika "padri" kwa wote, kesi nzima inaharibika.

---

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kwetu kanisani halina shida: wapo mapadri wa jimbo na wapo mapadri wa mashirika. Wa jimbo yuko chini ya askofu, wa shirika ana mkubwa wake wa shirika. Hata bibi asiyejua kusoma anajua tofauti, maana anajua nani atahamishwa na nani.

Kwa hao wa Uhispania waliokuwa na mashamba na nguvu za kiserikali, andika "watawa" au "mapadri wa mashirika". Na wale watatu waliouawa kabla ya Rizal, akina Gómez, Burgos na Zamora, hao waandike "mapadri wa jimbo" bila kuyumba. Ndiyo sababu ya kuuawa kwao: walidai parokia zishikwe na mapadri wenyeji.

Swali langu kwako. Nimesikia kwamba Rizal aliikosea tarehe ya kifo cha mapadri hao alipowatabarukia riwaya yake ya pili. Ukikuta kosa kama hilo utalisahihisha?

---

Mleta uzi

Ni kweli mzee. Waliuawa tarehe 17 Februari 1872 kwa garrote, ile kabali ya chuma inayokazwa shingoni kwa skrubu. Kwenye tabaruku ya El filibusterismo Rizal aliandika 28 Februari. Alikuwa na miaka kumi mwaka huo. Kakake Paciano alikuwa mwanafunzi wa Padri Burgos na alikaa nyumbani kwake. Tarehe imekosewa, lakini uchungu ni wa kweli, na mimi simnyang'anyi mtu kosa lake. Ndani ya maandishi itabaki 28, chini ya ukurasa nitaandika iliyo sahihi. Na kwa Craig nitafanya vivyo hivyo.

Hapo hapo kuna neno la riwaya yenyewe, "filibustero". Rizal alimweleza rafiki yake Blumentritt, msomi wa Austria, kwamba alilisikia kwanza mwaka ule wa 1872, na baba yao akawakataza watoto kulitamka ndani ya nyumba. Neno la kukatazwa kutamkwa. Kamusi inanipa "haramia". Mimi naliona "mchochezi", kwa sababu ndilo neno ambalo serikali humbandika mtu kabla ya kumpeleka mahakamani. Kama kuna mwenye bora zaidi, alete.

---

Baharia wa Nchi Kavu

"Mchochezi" imekaa vizuri. Nimebadili msimamo wangu kuhusu sura ya kwanza, endelea mkuu.

Ila nina swali la msingi. Mnamwita shujaa, alishika bunduki lini? Nimesoma mahali kwamba alikataa mapinduzi. Wapo waliopigana kweli, mfano Bonifacio.

---

Mleta uzi

Swali halali kabisa, na Wafilipino wenyewe wanalijadili mpaka kesho.

Ni kweli. Juni 1896 Bonifacio alimtuma daktari Pío Valenzuela hadi Dapitan kumtaka ushauri, na Rizal akasema wakati haujafika, silaha hazipo. Hadi leo wapo wanaosema Wamarekani walimpendelea Rizal hasa kwa sababu hiyo: shujaa aliyekufa, asiye na jeshi, hatishi mtu.

Lakini tazama upande wa pili. Bonifacio huyo huyo alianzisha chama cha siri cha Katipunan tarehe 7 Julai 1892, mara tu Rizal alipokamatwa. Wanachama walitumia jina la Rizal kama neno la siri la kutambuana, na picha yake ilitundikwa kwenye mikutano. Na shairi la mwisho la Rizal lilipoanza kuzunguka, Bonifacio ndiye anayetajwa kulitia kwenye Kitagalogi. Kamanda yuko vitani, anakaa chini anatafsiri shairi. Kwa hiyo Rizal hakusubiri Wamarekani wamfanye mkubwa.

Kuhusu neno, wao wanasema "bayani". Kutoka ukoo huo wana "bayanihan", ile desturi ya wanakijiji kukusanyika na kuibeba nyumba ya jirani mabegani kumhamishia. Sisi tuna msaragambo na ujima, lakini neno "shujaa" kwetu lina harufu ya vita. Nimelitumia kwa sababu jingine sina, ila moyoni naona bayani ni mtu anayebeba upande wake wa nyumba.

---

Binti Kagera

Hiyo picha ya nyumba mabegani imenigusa.

Kuhusu ardhi: nimesoma kwamba familia yake ilikuwa inalima shamba la watawa. Kwetu wazee walikuwa na nyarubanja, mtu analima ardhi ya babu zake lakini ni ya mkubwa fulani na analipia. Kwa nini usilitumie?

---

Mleta uzi

Linakaribia sana, dada, na nilipolisoma nilitamani kulichukua. Sababu mbili zinanizuia. Msomaji wa Lamu au Lubumbashi hatalielewa. Na familia ya Rizal haikuwa ya wakulima wa chini. Walikodi ardhi kwa Wadominiko, nao wakakodisha wengine. Walikuwa na nyumba ya mawe na vitabu. Kwa hiyo naandika "wakodishaji" na "kodi ya shamba", basi.

Kilichotokea ni kwamba watu wa Calamba walihoji kodi ilivyopanda, kesi ikaenda hadi Madrid, wakashindwa, na kati ya 1890 na 1891 gavana Weyler akatuma askari kuwatoa. Ndugu zake Rizal walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa.

Hapa ndipo anapoingia Retana, na naomba mniruhusu nitoke njiani kidogo kwa sababu habari hii siwezi kuiacha. Mwaka 1890 Retana alikuwa mwandishi wa magazeti Madrid, mtetezi wa watawa. Aliandika kwamba familia ya Rizal imefukuzwa kwa kutolipa kodi. Rizal, aliyekuwa Madrid wakati huo na aliyekuwa mlenga shabaha hodari, akamtumia washenga wa kumtaka wapigane kwa silaha. Retana akafuta maneno yake. Miaka 17 baadaye, Rizal yuko kaburini, mtu huyo huyo anatoa wasifu wa kurasa zaidi ya 500, wenye upendo na nyaraka kila mahali, na Miguel de Unamuno, mwandishi mashuhuri wa Uhispania, ameuandikia neno la mwisho. Adui wa jana ndiye aliyekusanya karatasi zake kwa uangalifu kuliko rafiki yeyote. Kila nikimsoma Craig nawaza: siku moja mtu anayejua Kihispania atutafsirie na Retana.

---

Mkwezi wa Pemba

Mkuu, umetaja shairi mara mbili na hujatuwekea. Sisi wengine tumekuja kwa hilo.

---

Mleta uzi

Samahani. Linaanza hivi:

*Adiós, Patria adorada, región del sol querida,*
*Perla del mar de Oriente, nuestro perdido Edén*

Nilivyolitoa mimi, bila vina:

*Kwaheri, nchi ninayoiabudu, bara lipendwalo na jua,*
*Lulu ya bahari ya Mashariki, Edeni yetu iliyopotea*

Lina beti 14, kila ubeti mishororo mitano. Najua limepooza mikononi mwangu.

---

Mkwezi wa Pemba

Mishororo mitano! Basi umbo tunalo, tena la zamani. Hiyo ni takhmisa. Watu wa pwani wametunga takhmisa kabla babu zetu hawajazaliwa, hata ya Liyongo ipo. Kwa nini ulitie kwenye nathari?

Nimejaribu miwili ya mwanzo kwa mizani 16:

*Kwaheri nchi mpenzi, jua lakupenda sana,*
*Edeni yetu ya enzi, lulu ya bahari pana*

---

Mleta uzi

Nimeisoma kwa sauti mara tano, nikaamka nikaisoma tena nimesimama. Inaimbika. Ile yangu haiimbiki.

Ila ndugu yangu, umepoteza vitu viwili: "Mashariki" na "iliyopotea". "Ya enzi" inaweza kumaanisha ya zamani, lakini haisemi kwamba tumenyang'anywa. Na kwa mtu anayeandika saa chache kabla ya risasi, neno "iliyopotea" ndilo lililobeba mshororo. Ningependa uendelee nalo, beti zote 14, hata kama itachukua mwaka. Nitaweka tafsiri yangu ya nathari upande mmoja na takhmisa yako upande wa pili. Msomaji apate maana huku na sauti kule.

---

Mkwezi wa Pemba

Nimekubali. Nipe muda. "Iliyopotea" nitaitafutia nafasi hata kama itabidi nivunje kina cha kati.

---

Katekista Mstaafu

Mwanangu, neno "uhuru" umelifanyaje? Nakumbuka tulivyolipigia kelele mwaka 1961. Sidhani kama lina shida.

---

Mleta uzi

Mzee, hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, nikawa naliogopa.

Rizal alikuwa mtafsiri. Mwaka 1886 akiwa Leipzig alikuwa anatia kwenye Kitagalogi tamthilia ya Schiller kuhusu Wilhelm Tell, na hadithi za Andersen kwa ajili ya watoto wa ndugu zake. Tarehe 12 Oktoba alimwandikia kakake Paciano akilalamika kwamba maneno yanamkosa. Neno lililomshinda ni hilo hilo: uhuru. Alisema "kaligtasan" halifai, kwa sababu linadokeza kwamba mtu alikuwa kifungoni au utumwani kwanza, ndipo akaokolewa. Mwishowe akaliona "kalayaan" kwenye tafsiri ya Marcelo del Pilar ya insha yake Rizal mwenyewe. Yaani lugha yake ya mama alirudishiwa na mtafsiri mwenzake. Kwa sababu ya barua hiyo, wasomi wengi leo wanatilia shaka lile shairi maarufu la kupenda lugha ya asili linalosemekana aliliandika akiwa na miaka minane: lina neno "kalayaan" ndani yake, na lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1906, yeye ameshakufa miaka kumi.

Sasa "uhuru" wetu. Mkwezi atanisahihisha, lakini "huru" kwa pwani lilikuwa kinyume cha mtumwa. Mtu aliachwa huru. Yaani neno letu lina kasoro ile ile aliyoikimbia Rizal kwenye "kaligtasan": nyuma yake pana mnyororo.

---

Mkwezi wa Pemba

Hukukosea. Mzee wangu akisema "huru wa fulani" ana maana mtumwa wa fulani aliyeachwa. Lakini mkuu, mnyororo si ulikuwepo kweli? Hapa kwetu ulikuwepo.

---

Binti Kagera

Na neno limeshatembea. Mwaka 1961 hakuna aliyekuwa anawaza "kuachwa". Mimi nasema liache. Mwalimu naye alipoitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 hakukwepa maneno yetu kwa kuwa yana historia.

---

Mleta uzi

Nimewaelewa. "Uhuru" linabaki kitabu kizima. Ila kwenye ukurasa ule wa barua ya Leipzig nitaweka maelezo ya neno letu kando ya neno lake, ili msomaji aone Rizal alikuwa anatafuta nini na sisi tulilipata wapi letu.

Nimalizie na yaliyobaki, mawili tu.

Moja ni kisa alichokisimulia Rizal mwenyewe. Mama yake, Teodora Alonso, alikuwa anamfundisha kusoma usiku kwa taa ya mafuta ya nazi. Mtoto hatulii, macho yako kwenye wadudu wanaozunguka mwanga. Mama akachukua kitabu cha Kihispania, akaanza kumsomea habari ya mdudu mdogo aliyekatazwa na mamaye kuukaribia moto, na akawa anamtafsiria kwa Kitagalogi kidogo kidogo. Mtoto akisikiliza anatazama taa, na mle mle mdudu mmoja akaungua mbawa akaanguka ndani ya mafuta. Nimeandika "nondo". Mke wangu anasema watu watawaza kumbikumbi, kwa sababu kwetu ndio wanaojaa taani mvua ikinyesha.

---

Mkwezi wa Pemba

Nondo. Kumbikumbi tunawala, huwezi kumlilia.

---

Mleta uzi

Nondo basi.

La pili. Jioni ya tarehe 29 Desemba 1896, ndani ya ngome ya Santiago, familia ilikuja kumuaga. Shairi alikuwa ameshaliandika kwenye karatasi ndogo na kulificha ndani ya jiko dogo la spiriti alilokuwa analitumia. Kwa Kiingereza mara nyingi huandikwa kwamba ni taa, na ndiyo maana wengi wanawaza amelificha kwenye taa ya kumulikia. Mimi naandika "jiko la spiriti", chombo cha kuchemshia. Walinzi wako pale, wanaelewa Kihispania, wapo wanaoelewa Kitagalogi. Akamgeukia dada yake Trinidad, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kuna kitu ndani.

Kitabu chote ni cha Kiingereza, kwa hiyo kwa Craig sentensi hiyo inafanana na nyingine zote. Nikiitia kwenye Kiswahili kama nyingine, ujanja wake unakufa: msomaji hatahisi kwamba kaka amebadilisha lugha mbele ya bunduki.

---

Katekista Mstaafu

Iache kwa Kiingereza. Hiyo moja tu, kitabu kizima. Msomaji wetu atashtuka, na ndivyo inavyotakiwa.

---

Mleta uzi

Nimeiandika sasa hivi, mzee. Inasomeka hivi:

"Alilitoa jiko lile dogo kwa Trinidad, awe nalo kumbukumbu. Kisha, kwa lugha ambayo walinzi hawakuijua, akasema polepole: *There is something inside.* Trinidad akaelewa kuwa mle ndani mna kitu. Hakuuliza. Akaondoka nalo."